Sarafu Iliyokuja kwa Mkono wa Makame

Mume wangu, baba Zainabu,

Sisi huku kijijini Bweni wazima, alhamdulillahi. Zainabu kanipita kimo, na ulimi kachukua wangu, kwa hiyo usidhani nyumba imepoa. Minazi yako inakwewa na watu wengine, nao wanaangusha hata vidaka vichanga. Ungewaona ungewatukana.

Tangu vita vilipoanza watu wananiuliza swali moja tu: wewe mwanamke, ni mke au ni mjane? Wameniuliza kisimani, wameniuliza arusini, na kaka yangu Hamadi ameniuliza mpaka nikamwambia akiuliza tena nitammwagia maji. Leo ninalo jibu. Lakini kabla sijalisema nataka kukaa nawe kidogo, tuzungumze kama zamani.

Unakumbuka fungate letu? Ulinitolea kijaluba cha bati, ukakiweka mapajani mwangu. Mimi moyo mbio, nikijua ndani mna kipini au hereni. Nikafungua nikakuta pesa ya Unguja yenye mizani, pesa nyekundu ya Wadachi yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na reale kubwa yenye picha ya mwanamke mnene.

"Huyu nani?" nikakuuliza.

"Malkia wa mbali. Kafa zamani."

"Kafa, nawe unamleta kwenye fungate langu?"

Ulicheka mpaka shangazi zangu wakagonga mlango kuuliza kuna nini. Nami nikajua nimeolewa na mkwezi mwenye ugonjwa wake. Wenzako wakishuka minazini walinunua tumbaku. Wewe ulikuwa ukigeuzageuza kila sarafu juani kabla hujaitia kibindoni, ukitafuta usiyokuwa nayo. "Moja ya kila aina ni ya kuweka," ulikuwa ukisema, "ya pili ni ya kula." Na kweli, hata mwaka ule wa njaa hukuligusa kijaluba. Nilikununia, lakini ulikwea mara mbili ya wenzako ili tule.

Kisha ikaja rupia ya Wadachi, tukagombana. Uso wa sultani wao ulikuwa umetokeza hasa, pua na masharubu, na juu ya kofia yake ndege kakunjua mabawa. Nikasema, "Mtu mzima kavaa kuku kichwani!" Lakini mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa ametufundisha kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sanamu, nami nilikuwa na mimba ya Zainabu, sikutaka mchezo. Nikakuambia itoke. Wewe ukaigeuza kifudifudi. Upande wa pili, simba! Simba kasimama chini ya mti. Hukushughulika na simba, ulishughulika na mti. "Aliyeuchora huu," ukasema, "hajapata kuona mnazi maishani mwake." Mwisho ukayeyusha nta ya nyuki ukampaka sultani usoni, ukampaka na simba, na malkia wako naye akapakwa. Kila sarafu yenye sura ikaingia kijalubani imefunikwa uso. Watu wa Bweni walitucheka, lakini Zainabu alizaliwa salama.

Ulikuwa na desturi yako, na hii ndiyo ninayoililia. Sarafu mpya hukuitia kijalubani kabla sijaishika. "Fumba macho, fumbua kiganja," ulikuwa ukiniambia, nami nikafumba. Ukaiweka kiganjani, ukanitaka nibahatishe ni shaba au fedha, ni ya Mhindi au ya Mdachi. Nilikosea makusudi mara nyingi, kwa kuwa ulipenda kunisahihisha.

Na hukumpa mtu aniletee. Ile heri, senti ya Wadachi yenye tundu katikati, uliipata Chole, homa ikakukamatia njiani Kirongwe. Wenzako wakataka kutangulia nayo wanipe habari. Ukakataa. Ukaletwa juu ya punda, meno yakigongana, na kabla hujaomba maji ukaniambia nifumbe macho. "Una wazimu wewe!" nilikuambia. Lakini nilifumba. Nikaona tundu kwa kidole, nikakuambia Wadachi wamekuwa mabahili, sasa wanakata pesa katikati wabaki na kiini. Ulicheka na homa yako.

Ulipovuka na mbata kwenda Dari Salama hukunieleza makubwa, ulisema utarudi na kitambaa cha Zainabu. Vita vikaingia, bahari ikafungwa, na tukasikia kwamba vijana wa visiwani wamekamatwa kuwabebea Wadachi mizigo. Waingereza wakatwaa kisiwa chetu. Miaka ikapita bila neno. Hamadi akaniletea habari za mtu anayenitaka, mtu mwema, sikatai. Akasema twende kwa kadhi nikafunguliwe. Nikamwambia mimi nina mume. Akasema, "Yuko wapi?" Nikamwambia, "Safarini."

Ijumaa iliyopita, watu wanatoka msikitini, akaingia uani Makame wa Kirongwe, yule mliyekamatwa pamoja. Kakonda, nywele nyeupe. Sikumjua mpaka alipotaja jina lake. Alikaa mkekani, Hamadi na jirani wakamzunguka, akatatua pindo la nguo yake, akanipa sarafu ya shaba ya njano yenye taji, mbaya mbaya, imefuliwa ovyo.

"Wadachi waliifua Tabora pesa zilipowaishia," akasema. "Ni ya mumeo, shemeji. Alisema hii hunayo."

Jirani zetu wakapiga vigelegele. Zainabu akaruka, akamkumbatia mjomba wake. Hamadi naye machozi yakamlengalenga, akasema, "Nisamehe, dada. Subira yako imejibiwa."

Mimi nilikuwa nakitazama kiganja changu. Nilikuwa nakitazama, baba Zainabu! Sarafu imo ndani na macho yangu yamefumbuka. Ungekuwa na pumzi moja usingempa mtu.

Nikauliza, "Makame, mlimzika wapi?"

Vigelegele vikakatika. Makame akainamisha uso, akalia, mtu mzima yule. Akasema ni baada ya kutoka Tabora, mkielekea kusini, tumbo lilikushika na kukumaliza upesi. Maji ya kukuosha hayakuwapo, wakakutayamamisha kwa vumbi, wakakusalia, wakakulaza kuelekea kibla. Jiwe waliweka.

"Mbona hukusema tangu ulipoingia?"

"Shemeji, nimetembea na maneno hayo kutoka bara mpaka mlangoni kwako. Nilipowaona mnafurahi yakanikwama."

Sikumlaumu. Nilimpa maji, kisha nikamwambia Zainabu anitolee nguo nyeupe, nikae eda ya mume wangu kama wanawake wenzangu. Hata sijavaa, akaja mwalimu pamoja na Hamadi. Akaniuliza Makame kasema ulikufa lini. Nikamwambia ni mwaka ule ule mlipotoka Tabora. Akahesabu kwa vidole, kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, eda huanza siku mume anapokufa, si siku habari inapofika. Ya kwako imekwisha zamani. Huna ya kukaa."

Sheria siipingi. Lakini nimelala nikijiuliza: siku zile za eda yangu, ambazo sikuzijua, nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa nasuka mikeka. Nilikuwa naimba, Mungu anisamehe, maana miwaa ilikuwa mizuri mwaka ule. Nilikuwa nakwenda Chole kuiuza kwa Banyani, naye akinilipa kwa pesa za Waingereza, nami nikizigeuzageuza juani kama mwendawazimu mwingine niliyemjua.

Nilikuwa nakuwekea. Hili sikumwambia mtu, hata Zainabu. Kuna rupia yenye mfalme wao, huyu kavaa taji la heshima, hakuna kuku. Kuna senti zenye tundu, nazo zimezungushiwa pembe za ndovu, kubwa na ndogo. Moja ya kila aina. Nimezifunga kwenye kipande cha kanga, nimezificha chini ya mtungi, na mfalme nimempaka nta. Nilikuwa nimepania siku ukirudi wewe ndiwe ufumbe macho, mimi nikucheke ukikosea.

Kila nilipochimbia moja pale, wewe ulikuwa umeshalala chini ya jiwe lako. Mwenzangu, uliniwekea moja kwenye pindo la nguo ya mtu, nami nikakuwekea hizi, na hakuna aliyemwona mwenziwe akifurahi.

Hamadi anasema sasa niko huru. Yule mtu mwema bado anangoja jibu. Nimemwambia Hamadi wangoje mpaka nimalize kazi moja. Ameuliza kazi gani, nikamwambia ninaandika. Nimeandika herufi mbili tatu, nikaweka kalamu, nikatazama ua, nikarudi. Zainabu anadhani macho yamenipungua. Macho yangu mazima. Wamesema sina eda ya kukaa, baba Zainabu, basi eda yangu ni hii, na nimeiandika polepole ili isiishe.

Mungu akulaze pema.

Mjane wako,
Mama Zainabu