Ukoga wa Miaka Kumi na Miwili

Verlin,

Maharage na mkate wa mahindi viko kwenye jiko. Mbwa ameshakula, asikudanganye. ~~Usinisubiri.~~ Nisubiri.

Asubuhi uliniuliza, "Miaka miwili ya chuo, hela yote ya kununulia pikapu imeishia humo, ili uwe msafisha meno tu? Faida iko wapi?" Nikanuna. Mara ukapiga mwayo, nikauona ukoga wako wa miaka kumi na miwili bila daktari wa meno!

Mume wangu, kwa mtihani wa mwisho kila mwanafunzi anajitafutia mgonjwa mwenye ukoga sugu, na wenzangu wanahangaika. Nimempigia mwalimu, kashangilia. Alhamisi saa tatu asubuhi nakusafisha, nafaulu, naajiriwa.

Faida iko mdomoni mwako. Ole wako ukienda kwa daktari kabla ya hapo.

Mkeo