Unga Unaopasua Mafuta

Jomvu Kuu,
Mombasa.
14 Juni, 2025.

Mpendwa kaka Abdulghani,

Shikamoo. Hujambo huko Maskati? Na wifi je, lile goti lake limepoa? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imetunyeshea mpaka njia ya msikitini haipitiki kwa matope, lakini afya tunayo.

Kaka, nimeona jambo ambalo tangu juzi namsimulia kila anayebisha hodi. Mpwa wako Nadira amefanya mtihani wake wa mwisho wa kemia, nasi wazazi tuliruhusiwa kuingia maabara ya chuo chao kutazama.

Wamjua mume wangu Abdulaziz. Nadira alishafeli jaribio hilo mara moja, na babake akasema akifeli tena atarudi kukaa dukani kwetu. Mtoto aliingia mle hajatia kitu mdomoni.

Mbele yake palikuwa na mafuta mazito ya meli, meusi, yanavutika kama lami. Wewe uliyefanya kazi kiwanda cha Changamwe kabla hakijaacha kusafisha mafuta, wayajua. Alitakiwa ayageuze mvuke, aupitishe kwenye bomba la kioo lenye moto mkali, lililotiwa unga mweupe unaoitwa kichocheo, na upande wa pili yatoke mafuta mepesi. Nadira asema mafuta mazito ni minyororo mirefu ya chembe ndogo zisizoonekana. Unga ule huikata vipande vifupi, wenyewe usipungue.

Mwanzo matone yalitoka safi. Mara yakawa ya kahawia, yakasuasua, yakakoma. Unga wote ulikuwa mweusi tititi kwa masizi.

Mwalimu wake, Bi Judy, akauliza, "Nadira, tuishie hapa?"

Abdulaziz akainamisha kichwa.

"Hapana, mwalimu," Nadira akajibu. "Unga haujafa. Umefunikwa tu."

Akafunga mafuta, akasafisha bomba kwa gesi isiyowaka, kisha akapitisha hewa ya moto. Wallahi, kaka, yale masizi yaliwaka! Wekundu ukatambaa polepole ndani ya bomba, na kila ulipopita uliacha weupe nyuma yake. Nadira anasema katika viwanda vikubwa unga huzunguka hivyo mchana kutwa, usiku kucha, na joto la masizi yakiungua ndilo linalopasua mafuta yanayofuata. Uchafu wenyewe ndio kuni! Nilisema subhanallah kwa sauti mpaka Bi Judy akageuka.

Nadira akasafisha bomba tena, akafungua mafuta. Matone yakaanza kudondoka, maangavu, ya manjano hafifu, yananuka petroli.

Abdulaziz akainuka, akamwendea binti yake. Sikujua atasema nini.

"Mwanangu," akasema, "hebu rudia. Nataka nione kwa karibu."

Bi Judy akampisha.

Amefaulu, kaka. Chuo kimempa nafasi ya kuendelea na utafiti kuanzia Septemba. Naye babake ndiye anayeieleza habari hii barazani kila jioni. Anaieleza vibaya mno, lakini hakuna anayemkatiza.

Nisalimie wifi na mwanenu Sabah. Shangazi Dhahabu wa Kisauni anakusalimu sana, na Nadira anakubusu mkono. Mola akulinde ugenini, akurejeshe kwetu ukiwa na nuru usoni.

Dada yako akupendaye daima,
Mwanatabu