Nusu Saa Kati ya Bangkok na Yangon

Jumatano, 13 Novemba

Wewe utakayeokota daftari hili, nakusihi: hata neno moja lisikutoke.

Leo ofisini, tunakouza tiketi za ndege, alikuja mteja, mzee mcheshi. Kutoka hapa Bangkok hadi Yangon ni kilomita ngapi? Kama mia tano na themanini, nikamjibu. Na muda angani? Dakika arobaini na tano. Akacheka.

"Binti, hiyo ni ndege au risasi?"

Nikacheka naye. Kisha nikachomoa nakala ya tiketi ya keshokutwa.

Tiketi inasema: kuondoka saa nne, kufika saa tano kasorobo. Lakini saa nne ni ya Bangkok! Saa tano kasorobo ni ya Yangon, iliyo nyuma kwa nusu saa. Safari ni saa moja na robo. Mimi Mburma, nalijua hili tangu utotoni. Ila saa yangu ya mkononi sijaibadilisha miaka mitatu — inasoma saa ya nyumbani kwa mama, Yangon. Nikazisoma saa zote mbili za tiketi kama za nyumbani.

Na kwenye fomu ya oksijeni ya msafiri wetu mgonjwa, mzee U Tha Doe, nimeandika muda wa safari: dakika 45.

Alhamisi, 14 Novemba

U Tha Doe mapafu yamekwisha. Binti yake, Ma Yin Nwe, anamrudisha kijijini kesho. Afike hai — ndilo neno alilonirudilia kila mara. Kwetu aliyefia nje haingizwi kijijini, hata awe nani. Akikata roho angani atazikwa nje ya kijiji, kama mtu asiye na kwao.

Juzi aliniuliza, "Mdogo wangu, betri moja ya mashine ya oksijeni inadumu saa moja na dakika kumi. Itatosha?"

Itatosha, dada, nikasema. Yangon anasubiriwa na gari la wagonjwa. Basi betri ya pili akamwachia jirani wa kitanda cha baba yake hospitalini.

Nimemwambia bosi, Bi Wilai. Hata macho hakuinua. "Umekuwa daktari siku hizi? Fomu imeshapita. Fungua mdomo, uone kama kibali chako cha kazi kitadumu hadi Jumatatu."

Nimeshika simu mara sita. Nimeiweka mara sita. Mwoga mimi!

Ijumaa, 15 Novemba

Uwanjani, saa nne kasorobo kwa saa ya ukutani. Nimempigia Ma Yin Nwe tangu alfajiri — simu yake imezimwa. Nilipitia hospitalini. Yule jirani akaichomoa betri mwenyewe: "Kimbia, mwanangu, mimi nina oksijeni ya ukutani." Ninayo mkobani, nzito kama tofali. Mlango wa kupandia ndege umeshafungwa.

Nimemwambia kijana wa dirisha la shirika la ndege kila kitu. Kosa langu, jina langu. Akainua simu. Kioo kilikuwa kati yetu, sikusikia alichosema.

Saa nne na dakika mbili. Imeruka.

Saa tano kamili. Kama waliiwasha mashine ndege ilipoanza kusogea, saa nne kasoro dakika kumi, betri inakata sasa hivi. Bado robo saa angani.

Nimemtumia ujumbe. Naunakili hapa nisije nikaukana:

Dada Yin Nwe, ukiwasha simu soma huu kwanza. Kosa ni langu, si la mwingine. Usipige ofisini, watasema hawanijui. Piga namba hii. Niko ukumbi wa kuondokea, benchi la mbele ya dirisha la tatu, sitoki. Akiwa hai, piga. Asipokuwa hai, piga pia. Ukinikosa, nenda Insein, hapo hapo Yangon, nyuma ya stesheni, nyumba ya mlango wa kijani, umuulize mama yangu nilipo mimi, Nandar Hnin. Piga saa yoyote. Usihesabu tofauti — saa yangu bado ni ya nyumbani.