Sufuria ya Dada Mwikali

Kilifi,
12 Julai 1986

Kwa dada yangu Mwikali,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya jiko zima, natangaza kifo cha ile sufuria kubwa uliyonipa nilipoondoka Kibwezi. Ilifariki baharini mwezi wa Aprili ikiwa na afya njema. Haikuacha mfuniko, kwani mfuniko ulitangulia zamani. Mazishi yalikuwa mafupi, na habari zaidi za marehemu utazikuta huko chini.

Baada ya tanzia hiyo, shikamoo dada. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima, ila nimekonda, jambo ambalo suruali zangu zimelipokea kwa furaha.

Barua yako niliipata. Umesema kina mama waliofunga siku tatu kwa ajili yangu wanataka ushuhuda wa safari, nawe utausoma kanisani Jumapili ya shukrani. Nimeuandika mara mbili nikaurarua. Huu ni wa tatu. Usome kwanza peke yako, ukiwa umeketi.

Kama ujuavyo, tuliondoka hapa watu watatu kwenda Ushelisheli: mwenye mashua, Bwana Pieters, Mbelgiji mwenye ndevu nyingi na asiye na kanisa, Dzombo, mzaliwa wa Kuruwitu, fundi wa matanga, na mimi mpishi, mtu wa bara ambaye mpaka leo nikioga baharini lazima nishike kitu. Injini ilikufa siku ya nne. Siku ya tisa upepo nao ukaondoka bila kuaga, matanga yakaning'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani.

Pieters alipima maji ya tangi kila asubuhi kwa ufito wenye alama. Kila mtu vikombe vitano, jiko lita tatu za kupikia, na kuosha chochote, iwe chombo, nguo au mpishi, ni kwa maji ya bahari. Siku ya kumi na mbili akatuita akasema maji yanapungua kuliko tunavyotumia, kwa hiyo mmoja wetu ni mwizi. Hakutaja jina. Mimi nilijua si mimi, na mwenye tangi hawezi kujiibia, basi akabaki mtu mmoja.

Dada, nilimchunguza Dzombo kama mama mkwe anavyochunguza ugali. Kila alfajiri alikwenda mbele ya mashua na kikombe, akanong'ona, akamwaga matone baharini. Nikajiuliza, mtu mwenye kiu anamwagaje maji, kama hana mengine mahali? Midomo yake ilikuwa imepasuka kuliko yetu. Nikasema anaipasua makusudi. Jioni moja nilifunga uzi mwekundu kwenye bomba la tangi. Asubuhi nikaukuta vilevile nilivyoufunga. Mtu mwenye akili angesema hakuna aliyegusa bomba. Mimi nikasema huyu ana dawa ya kupita kwenye uzi, nikaukata mwenyewe, nikateka maji ya chai.

Hapo ndipo nilipogeuka mhubiri. Hata Pieters aliniomba nimwombee, akivua kofia kwa aibu. Nikaomba mara tatu kwa siku: upepo uje, na mwizi afichuliwe. Dzombo alikuwa akiitikia amina kuliko wote, nami nikaishuku hata amina yake. Alinitania kwamba huenda Mungu wangu hasikii vizuri, maana namwita kama mchuuzi wa samaki, na kwamba upepo wenyewe unaogopa kelele zangu. Sikucheka.

Siku ya kumi na nane, tulipomaliza maombi ya mchana, Pieters akasema amemaliza hesabu yake. Kinachopotea ni lita nne kila siku, hakipungui, hakizidi. Amina ilikuwa bado mdomoni mwangu.

Dada, sufuria yako inachukua lita nne. Uliniambia mwenyewe siku uliyonipa.

Lile gunia la muthokoi ulilotuma tulikuwa tukilila kila siku. Pieters alilipenda kuliko mkate. Nawe unajua mahindi yaliyokobolewa hayalainiki kwa maji ya chumvi. Mama alitufundisha yalale ndani ya maji matamu, na maji hayo ya kwanza yamwagwe. Basi kila mchana nilijaza sufuria, kila asubuhi nikamwaga yale maji meupe baharini huku nikiimba wimbo wa alfajiri. Sikuyahesabu. Kwangu hayo hayakuwa maji, yalikuwa muthokoi.

Mpaka hapo ni ujinga, na ujinga husamehewa. Sikiliza sasa. Mchana uleule, wenzangu wakishughulika na tanga, niliitupa sufuria ubavuni. Ilielea kidogo ikizunguka, kana kwamba inanipa nafasi ya kubadili mawazo, kisha ikajaa ikazama. Jioni nikaomba kuliko siku zote, mwizi afichuliwe.

Kesho yake hesabu ya ufito ikakaa sawa. Pieters akanishika mkono akasema maombi yangu yamemtisha mwizi, huku akimtazama Dzombo. Dzombo alitazama chini. Siku ya ishirini na tatu ikaja mvua, na upepo nyuma yake, tukafika. Tuliporudi hapa Kilifi, Pieters alimfukuza Dzombo kazi, akawaambia wenye mashua wote wa hapa kwamba ni mwizi wa maji. Hakuna aliyemchukua tena. Mimi nimebaki na jina la mtu wa maombi.

Juzi nilimkuta kivukoni akiwauzia abiria wa feri korosho. Nilitaka kujificha nyuma ya lori, lakini alikwishaniona, akaniita mhubiri, akanijazia kiganja. Akaniuliza kama nimepata sufuria nyingine. Alisema aliniona kila asubuhi nikimwaga maji meupe na kuimba, akajua ni sadaka ya wazee wangu, kwani kwao nao humwagia koma, mizimu ya wazee wao, maji yenye unga. Pieters alipoanza kulalamika, yeye alijua maji yanakwenda wapi. Lakini mtu hamsemei mwenzake kwa ajili ya sadaka. Akawa anamimina vikombe vyake viwili kila siku kwenye birika la chai yetu, ili tusipungukiwe. Na sufuria ilipopotea alinihurumia kwamba sina cha kumwagia. Tone la alfajiri akawa analimwaga kwa niaba yetu sote wawili.

Nilizitafuna korosho zake na sikumwambia kitu.

Huo ndio ushuhuda, dada. Niliomba mwizi afichuliwe, nikajibiwa, tena kwa lita. Jibu halikunipendeza, nikalitupa baharini.

Nikishaitia barua hii posta nakwenda kwa Pieters, kisha kwa kila mwenye mashua aliyeambiwa habari za Dzombo, na mwisho kivukoni. Nimekuandikia kwanza kwa kuwa najijua: naweza kughairi njiani, lakini kwako sijawahi kurudi na uongo mara mbili. Kina mama wasomee yote, hata penye sufuria. Waambie mfungo wao haukupotea.

Nisalimie shemeji na watoto, na goti lako ulipake mafuta ya nyonyo. Muthokoi usinitumie kwa sasa.

Mdogo wako,
Musembi, aliyemaliza maji