Dawa ya Wahuni

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, wewe na wifi na wanao. Natumaini kikohozi cha yule mdogo kimekwisha na mgongo wa wifi umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Narudia makusudi, maana najua umeambiwa vingine: hatujambo, mama ni mzima, anakula, anasema, na jana tu alinikosoa jinsi ninavyokunja mashuka. Mtu mwenye nguvu za kukosoa hivyo hana ugonjwa wowote.

Usishangae kuletewa barua katika zama hizi za simu. Kwanza, kwenye simu hunipi nafasi. Ukishaanza wewe, kazi yangu inakuwa kuitikia tu, ndiyo kaka, sawa kaka, mpaka salio linakwisha na mimi sijasema kitu. Pili, simu yangu yenyewe siwezi kuiweka sikioni. Ikigusa shavu, shavu linawaka moto. Nimeifuta kwa kitambaa chenye sabuni, jalada lake nimelitupa, lakini vile vitundu vya spika bado vina kinyongo. Dereva wa lori aliyetuletea mzigo wako ndiye atakayekupa barua hii, na nimemwomba asiondoke mpaka akuone umekaa chini unasoma.

Najua Bi Taarifa alikupigia. Jirani huyu hatukumpa jina hilo bure. Nasikia alikwambia kwamba mama amerukwa na akili, kwamba alijifungia chumbani akajipulizia sumu, na kwamba mimi nilikuwa saluni nacheka na wateja huku mzee anakata roho. Ametia chumvi mpaka chungu kimepasuka! Nawe ukamjibu kwamba yatosha, Jumamosi unakuja na gari kumchukua mama akakae kwako, kwa kuwa mimi nimeshindwa kumtunza. Maneno hayo nimeyapata kwake yeye, juu ya ukuta wa uani, nikiwa naanika godoro. Yameniuma, kaka, sitaficha. Ila siandiki ili nikulilie. Naandika kukueleza kilichotokea, na kukwambia kwamba sikubali.

Mambo yalikuwa hivi. Ulinitumia kile kichupa cha kupuliza pilipili ili nitembee nacho ninapofunga saluni jioni. Kwa kuwa maandishi yake ni ya kigeni, ukakizungushia plasta nyeupe na kuandika kwa kalamu nzito: DAWA YA WAHUNI. PULIZA UKIWAONA. Mimi nilicheka, nikakiweka juu ya kabati pamoja na vikorokoro vingine vya mzigo wako.

Sasa hebu nikuulize. Katika nyumba yetu sisi, wahuni ni akina nani? Umesahau? Marehemu baba hakutaka neno kunguni litamkwe mbele ya wageni, ndiyo maana tukawaita wahuni. Tulikuwa tunaamka tunasema wahuni wametukesheza, na wageni wanatuonea huruma kwa kukaa mtaa wenye vibaka. Wewe umeishi mbali siku nyingi, huko kwako wahuni ni watu. Kwa mama ni walewale wa kitandani. Alivaa miwani, akasoma plasta yako neno kwa neno, akaona mwanawe amemletea dawa ya kunguni, akafuata maagizo.

Alitoa mashuka. Akaegemeza godoro ukutani. Akafunga mlango na dirisha ili wahuni wasipate pa kukimbilia. Kisha akapiga magoti, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa chaga, akawaona, akapuliza.

Saluni kwangu ni hatua chache tu kutoka mlangoni, na nilikuwa nimemsuka mteja nusu kichwa. Nilisikia kikohozi ambacho si cha mtu wa kawaida, nikaacha kitana hapohapo. Nilipofungua mlango wa chumba nami nikapigwa. Lo! Macho yalijifunga yenyewe, koo likawa kama nimemeza kaa la moto. Nikampapasa mama, nikamkokota mpaka uani penye hewa. Alikuwa amefumba macho, machozi na makamasi vinashindana, na katikati ya kikohozi ananiambia kwamba dawa yako, kaka, ni kali, lazima wamekufa wote.

Nami nikakosea, nakiri. Nilichukua taulo nikamfuta uso kwa nguvu, nikawa namsambazia moto mpaka shingoni. Bi Taarifa akatokea na chupa ya mafuta mkono mmoja na pakiti ya maziwa mkono wa pili, anapiga kelele tumpake. Nilimnyang'anya simu, siyo mafuta, nikampigia muuguzi wa zahanati, yule mteja wangu wa nywele fupi. Muuguzi akaniambia nitulie nimsikilize. Mafuta marufuku, maana pilipili ile inashikamana nayo na kuzidi kung'ang'ania ngozi. Maji ya moto marufuku. Kusugua marufuku. Maziwa nikipenda nitie kwenye chai, dawa ni maji safi ya baridi, mengi, yanayotiririka. Akasema ninawe mikono yangu kwanza kwa sabuni ya vyombo, kisha nimmiminie mama machoni polepole, kuanzia upande wa pua kwenda nje, naye apepese kope bila kuchoka.

Halafu akasema gauni lisivuliwe kupitia kichwani, litampaka tena usoni. Likatwe. Hapo mama, kaka, ambaye hata kuona haoni, alilikumbatia gauni lake la maua akasema bora aungue. Nilifunga kibwebwe. Nilichukua mkasi wa saluni nikalipasua kutoka shingoni mpaka pindoni, huku ananiambia nitazaa watoto wabishi kama mimi.

Nywele ndizo zilizonipa kazi, na hapo namshukuru Mungu kwa ufundi alionipa. Pilipili ilikuwa imejificha humo, na ukimwagia mtu maji kichwani kwa papara yote inashuka machoni, unaanza upya. Nilimpeleka kwenye sinki la saluni, nikamlaza kichwa nyuma, nikamkinga paji la uso kwa taulo lililokunjwa, nikamwosha kwa shampuu ya watoto, naosha nasuuza, naosha nasuuza, maji yote yanakwenda nyuma. Ngozi nikaiosha kwa sabuni ya vyombo, kwa kupapasa tu, kisha nikaikausha kwa kugusagusa. Yule mteja wa nusu kichwa ndiye aliyenishikia ndoo, Mungu ambariki. Mama alitulia. Mimi ndiye niliyekwenda kuoga baadaye kwa maji ya uvuguvugu, nikajimwagia kuanzia utosini kama mjinga, na pilipili ikateremka mpaka sehemu ambazo siwezi kuziandika kwenye barua ya kaka yangu. Nilicheza bila muziki!

Kwa kuwa ni mtu mzima, na muuguzi alisema kifua kikibana au macho yakiendelea kuuma tusisubiri, nilimpeleka zahanati jioni ileile hata kabla hajalalamika. Daktari akamsikiliza mapafu, akamkagua macho, akasema hayana jeraha. Nikamwomba pia amjaribu akili, kwa sababu ya maneno ya watu. Akamuuliza leo ni siku gani, wajukuu wake wanaitwaje, nani amemleta. Mama akajibu yote, akaongeza tarehe za kuzaliwa za wanao, kisha akamuuliza daktari ameoa au bado, na kama bado anasubiri nini. Hiyo ndiyo akili iliyoruka, kaka.

Kesho yake nikavivalia njuga vitu vya ndani. Nilivaa zile glavu za kupakia rangi ya nywele, nikafungua kila kinachofunguka, nikatoa godoro nje. Nilikatazwa kufagia pakavu nisije nikairusha pilipili tena hewani, kwa hiyo nilipiga deki kwa maji ya sabuni: sakafu, ukuta, chaga moja moja, kitasa, swichi ya taa. Mashuka niliyafua peke yake, kwa maji baridi na sabuni nyingi, nikarudia. Miwani ya mama, kitana chake, hata ile redio ndogo, vyote vilipata kitambaa. Nikajiona shujaa. Kumbe pazia nimelisahau. Kila upepo ukivuma, chumba kizima kinapiga chafya.

Na aproni yangu je? Nilikuwa nimeivaa siku ile, simu yangu ikiwa mfukoni mwake, nikaitundika kwenye msumari wake saluni bila kufikiri. Akaja bibi harusi mtarajiwa na shangazi zake watatu. Nikavaa aproni, nikajifutia mikono humo, nikaanza kumchambua nywele. Mara bibi harusi anajikuna, mara anaruka kwenye kiti, anasema kichwa kinawaka, na shangazi mmoja anataka kuniitia polisi kwa uchawi. Nilimwosha, nikamweleza ukweli wote tangu kwenye plasta yako. Walicheka mpaka wakakaa chini. Amesema atarudi, na aproni nimeifua, na msumari wenyewe nimeufuta. Hakuna kitu katika nyumba hii ambacho sijakifuta.

Hayo ndiyo mambo yote ya kichupa. Ningeweza kuishia hapa. Lakini kuna jambo ambalo mama aliniapisha nisikwambie, na nimekata shauri nikwambie, laana yake nitaibeba mwenyewe.

Jana nilimkuta anakunja nguo zake, anazipanga kwenye begi. Nilipandwa na hasira. Nikamuuliza kama kweli anataka kuniacha, kama naye anaona nimeshindwa kumtunza. Akaniambia nikae. Akasema kwake ni hapa, hataki kuhama. Ana kiti chake saluni anapochambua nywele za kusukia, ana wateja wake wa kupiga nao soga, na wakimkosa wataniuliza mimi. Nikamuuliza basi begi la nini.

Ndipo akanieleza. Mara ya mwisho ulipokuja alikuachia kitanda chake, yeye akaja kulala chumbani kwangu. Uliamka alfajiri na vipele mikono mizima, ukavaa shati la mikono mirefu, ukasema umeitwa kazini, ukaondoka chai ikiwa bado jikoni. Ulidhani hakuona. Aliziona damu kwenye shuka, akalifua kabla sijaamka. Tangu hapo ukija unafika mchana na jioni umeshaaga, au unalala nyumba ya wageni ukisema hutaki kutusumbua. Hajawahi kukulaumu hata kidogo. Ila kila ukisema utakuja, yeye kimyakimya anamwaga maji ya moto kwenye chaga, anaanika godoro, anapaka mafuta ya taa, na wewe unapita tu. Mimi naishi naye nyumba moja na sikujua. Nilidhani ni usafi wake.

Kisha kikaja kichupa, na mwandiko ni wako, na ujumbe kwamba utatutembelea. Kaka, mama alidhani umemletea dawa kwa sababu unataka kulala nyumbani tena. Alifurahi. Alikwenda kupiga magoti pale kwenye chaga akiwa anaimba, ndivyo alivyoniambia. Hata macho yalipokuwa yanawaka hakutaka kusema kwa nini alipuliza, asije akakutia aibu.

Na begi ni kwa sababu hiyohiyo. Amesema kama mtoto wake hawezi kulala kwake, basi yeye atakwenda kulala kwa mtoto, mradi asubuhi moja amwone anakunywa chai.

Nililia, kisha nikalifungua begi, nikarudisha kila nguo mahali pake. Mama hahami. Hataacha nyumba yake na kiti chake kwa ajili ya wadudu na kwa ajili ya wewe kuona haya. Mtu wa dawa ya kunguni, ile ya kweli, ameshakuja, amepuliza vyumba vyote, na atarudi tena, maana amesema mayai ni sugu. Kitanda nimekiosha kwa mikono yangu.

Kwa hiyo njoo Jumamosi, kama ulivyosema. Gari la mizigo liache. Njoo na nguo za kulalia. Lala kitandani kwa mama yako, na ikitokea mmoja amebaki akakuuma, jikaze kisabuni, usiondoke mpaka chai iive.

Mama anakusalimu sana. Anajua nakuandikia, ila anadhani nakueleza habari za dawa. Ukifika usimwambie kitu. Asubuhi mwombe tu akuongezee kikombe.

Wasalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao anawapenda.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Kitinda