Ada ya mfungishaji ndoa, na Maalim aliyekataa kuilipa

Deira, Ijumaa, mwishoni mwa Julai 2007

Joto la leo halina haja ya kuelezwa. Aliye hapa analijua, na aliye mbali hataamini. Nimeshinda ndani, mguu juu ya mto, kiyoyozi kikinguruma, na moyo wangu ni mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu mwezi huu uanze.

Zuhura ameolewa.

Nieleze kwa utaratibu. Zuhura ni binti wa marehemu mdogo wangu. Yuko Pangani, nami ndiye walii wake, msimamizi wa ndoa yake. Mchumba wake ni kijana wa huko huko, aliyeajiriwa katika ghala moja huku ughaibuni, mtaa wa Al Qusais. Alipewa likizo fupi ili akaoe na kurudi. Goti langu lilipasuliwa majuzi, kwa hiyo sikuweza kusafiri. Tukakubaliana kwamba nitatoa idhini yangu kwa simu, na kumpa uwakala mtu wa kule amwozeshe kwa niaba yangu.

Tatizo likawa ni nani.

Zuhura alimtaka Maalim Bakari. Nani asingemtaka? Ndiye aliyemfundisha kusoma Kurani, ndiye aliyemwosha baba yake na kumzika. Lakini serikali ya kwetu imeagiza kila mfungishaji ndoa ajiandikishe na kulipia ada, na Maalim amekataa. Hakukataa kwa kukosa. Wanafunzi wake wangemlipia siku hiyo hiyo. Amekataa kwa sababu, asemavyo, hajawahi kupokea senti kwa kumwozesha mtu, wala hatatoa senti ili aruhusiwe kufanya hivyo. Sasa, asiyeandikishwa hana kitabu cha vyeti. Na bila cheti kinachotambulika, Zuhura hapati viza ya kuja kuishi na mumewe. Angebaki Pangani akiwa mke wa simu.

Nilisema, na ninaendelea kusema, kwamba ada hiyo ni ya haki. Anayewaunganisha watu wawili anagusa watoto, talaka na urithi. Lazima ajulikane ni nani na anapatikana wapi. Wamenijia wanawake niwaandikie barua, wakilia, waume zao wamewakana, na aliyewaozesha hata jina lake kamili hawalijui.

Jana jioni mjadala ulihamia sebuleni kwangu. Said, Mzanzibari mwenye duka la viungo Al Ras, hakunipa nafasi hata ya kumimina kahawa.

"Ati ada! Leo wanalipisha khutba ya ndoa, kesho watalipisha kuosha maiti. Nawe Mwalimu utasema ni haki, madhali risiti imeandikwa kwa Kiswahili fasaha."

Mutua, Mkenya anayelinda jengo letu, alicheka nusura amwage kikombe. "Mzee, hata kwetu kanisani ni hivyo. Kama pasta hana leseni, hiyo si harusi, ni pikiniki. Watu wanakula, wanaenda nyumbani."

"Wewe nyamaza, hujaoa," Said akamkemea.

"Ndiyo maana naogopa, mzee wangu. Yangu nataka iandikwe."

Nilishinda mjadala ule. Sikufurahi. Asubuhi ya siku hiyo hiyo Zuhura alikuwa amenipigia, sauti yake imepooza: "Baba mkubwa, Maalim amesema hana neno. Atakuja kula pilau tu."

Ninamjua Maalim Bakari. Anaposema hana neno, ana maneno mengi.

Nilikuwa nimekwisha kumteua Shekhe Athumani, kijana aliyeandikishwa, na sikukusudia kubadili. Lakini nilijua kwamba nikilitaja jina lake mbele ya watu, mzee yule huenda akainuka na kuondoka, na Zuhura angeikumbuka harusi yake kwa mgongo wa Maalim ukitoka msikitini.

Simu ilikuja leo baada ya sala ya Alasiri ya kule. Walikuwa wameiweka mkekani, katikati yao, ikitoa sauti wote wasikie. Nilisikia feni, mtu akikohoa, watoto wakikemewa. Nikavuta pumzi ili nimtaje Shekhe Athumani. Kabla sijatamka, Maalim akanitangulia.

"Mwalimu, unanisikia? Niwakilishe mimi."

Nikaisogeza simu sikioni.

"Niwakilishe mimi," akarudia, "na uniruhusu nimwakilishe mwingine."

Hapo ndipo nilipoelewa. Aliyepewa uwakala na walii, akiruhusiwa, anaweza kuukabidhi kwa mtu mwingine. Jambo hili limo katika vitabu tulivyosoma sote wawili, na katika hoja zangu zote za mwezi mzima sikulikumbuka. Nikampa uwakala, nikamruhusu. Papo hapo nikamsikia akimgeukia Athumani.

"Haya, nimekuwakilisha umwozeshe Zuhura. Njoo ukae hapa. Mimi ni wa bure, wewe ndiwe wa ada."

Msikiti mzima ukacheka. Mkeka ulikwaruza, mzee akisogea. Athumani naye alisoma kwa Maalim huyo huyo. Sauti yake ilitetemeka alipoanza khutba, na mahali pamoja Maalim alimrekebisha, polepole, bila kumwaibisha. Bwana harusi akakubali kwa sauti kubwa mno, kana kwamba mimi ni mzito wa masikio. Kisha kitabu kikafunguliwa, mashahidi wakatia saini, na simu ikabebwa hadi nyumbani, jirani na msikiti, pamoja na kitabu, ili Zuhura naye atie yake.

Alisema "Baba mkubwa" tu, akalia. Nyuma yake nilimsikia Maalim Bakari akiulizia pilau.

Nami nililia kidogo. Mke wangu ameniona. Wengine hawana haja ya kujua, ingawa sasa nimewaandikia.

Mawazo yangu juu ya ada hayajabadilika. Said akija kesho nitamwambia yale yale, naye atanijibu yale yale. Maalim hatailipa mpaka anaingia kaburini, na sitamshawishi tena. Viza ya Zuhura itaombwa kwa cheti halali, na hakuna mtu aliyevunjiwa heshima ili kipatikane.

Jambo moja tu najiuliza. Nimefundisha karibu maisha yangu yote, na baadhi ya wanafunzi wangu leo wana vyeo kunizidi. Je, mimi ningeweza kusogea, mbele ya mji mzima, na kumpisha kijana niliyemfundisha mwenyewe?

Sijui. Lakini usiku wa leo swali hilo haliwezi kuninyima usingizi.