Meza ya Tisa Haina Mtu

Jumatatu, 4 Machi
Nimemaliza! Kamera inaangalia ukumbi wa cherehani, programu yangu inachambua nani yuko kazini. Kisichosogea kwa dakika tano ni mandhari, kinakuwa cheusi. Kinachosogea ni mtu, kinakuwa cheupe. Meneja kaangalia skrini, kakunja uso — eti vidoa hivi vyeupe ni nini? Nikamwambia ni feni na taa. Akasema viondoke, vinamchefua. Mtu asiyeweza kuwasha projekta bila kuita watu watatu! Basi, nimeviondoa. Chochote kidogo kuliko kiganja kinafutwa.

Jumanne, 5 Machi
Ripoti ya kwanza. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mfanyakazi bora wa kiwanda ni — Msimamizi! Bwana yule kazi yake ni kubeba kikombe cha chai kutoka dirisha moja hadi jingine. Hatulii, kwa hiyo programu inampenda. Asilimia tisini na nane. Sasa anajipitisha mbele ya kamera, kifua mbele. Kichwa maji.
Meza ya tisa: haina mtu, siku nzima. Sikuuliza ni ya nani.

Alhamisi, 7 Machi
Meza ya tisa ni ya shangazi.
Shangazi aliyenilea. Aliyeniombea kazi hapa. Ni mkaguzi wa mashati, mwaka wa kumi na tisa sasa. Anaweka shati chini ya taa, anainama, hasogei — vidole tu vinapita juu ya mshono. Ndiyo kazi yenyewe! Programu ikamhesabu pamoja na kiti. Na vidole ni vidogo kuliko kiganja. Nimevifuta mimi.
Meneja kampa barua: ajieleze kesho kwa nini hakai mezani, la sivyo kazi basi. Na hayo mashati yanakaguliwa na nani, na jini? Hilo hajiulizi. Anasema kompyuta haina upendeleo. Mpumbavu mwenye tai.
Shangazi kanipigia simu. "Mwanangu, hiyo mashine yako imekosana na mimi?" Nikasema nitaangalia. Nitaangalia!

Ijumaa, 8 Machi
Kikao. Shangazi kaja kavaa gauni lake la kuendea harusini. Meneja kawasha video: meza ya tisa nyeusi tii. Msimamizi anapita na kikombe, mweupe pe. Meneja kanigeukia — fundi, programu yako ina kosa? Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameniahidi ukuu wa kitengo. Nikasema tunaendelea kuiboresha.
Tunaendelea kuiboresha! Namcheka Msimamizi kwa lipi?
Shangazi hakuniangalia. Aliomba ruhusa akachukue miwani yake mezani, kama meza bado ipo. Uamuzi Jumatatu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewahi kufika. Chumba cha kikao nacho kina kamera, nikaipitisha video ya Ijumaa kwenye programu. Meneja mweupe, mikono juu, mikono chini. Msimamizi mweupe, anakubali kila neno kwa kichwa. Shangazi anasimama, anatoka — mweupe. Kiti changu cheusi. Dakika arobaini.
Barua ya kukiri kosa nimeiandika. Iko kwenye skrini, haijatumwa. Kupitia kioo namwona shangazi kwenye benchi nje ya ofisi ya Meneja, mkoba mapajani, wima.
Meneja ananiita. Anataka nithibitishe ripoti kabla hajamwita shangazi. Nimejibu nakuja.
Ameita tena. Bado nimekaa.